Kwenye Karatasi, Maman Ameshavuka

Bukavu, Kadutu, 4 Juni 2023

Mwanangu Niyomugabo,

Tumsifu Yesu Kristu. Huku tu wazima, isipokuwa kifua changu, nacho umekizoea tangu utoto. Nakuandikia kwa sababu simu yangu ikikaribia mto inashika mtandao wenu wa Rwanda na kumaliza yuniti zote kabla sijasema "alo". Barua hii anakuletea Épiphanie, yule mama wa nyanya anayevuka daraja kila asubuhi. Jibu mpe yeye. Ana mdomo mrefu lakini mkono wake ni safi.

Nimeamua kurudi. Usianze kuniuliza narudi wapi wakati nimekulia Congo. Najua nilikokulia. Nilivushwa mto huu mgongoni mwa mama yangu nikiwa sijaota meno. Yeye alipopata nafasi alirudi, na amezikwa kwao Mibirizi, kwenye kilima kilicho juu ya misheni. Mimi nilibaki kwa ajili ya baba yako na mashine zangu za kufuma. Baba yako hayupo tena, na mashine zinahamishika. Nataka kuzeekea Kamembe karibu na wewe, na siku yangu ikifika nilazwe kando ya mama. Sina ombi lingine kwako, na hilo sikuombi, nakuambia.

Kanisani walitangaza kwamba anayerudi kwao kukaa moja kwa moja anapitisha vitu vyake vya nyumba bila ushuru, mara moja tu katika maisha. Nilicheka peke yangu kwenye benchi. Mwanangu anawajazia watu karatasi za duane pale forodhani kutwa nzima, wenye malori ya saruji na wenye magunia ya maharage, na mama yake ndiyo kwanza anasikia habari hizi kwa padri! Basi nijazie na mimi.

Msalimie mke wako Uwineza. Bado anashika sindano kama anashika jembe?

Mama yako,
Védastine

*

Kamembe, 11 Juni 2023

Maman mpendwa,

Barua yako imenifurahisha sana, hata nikamsomea Uwineza. Chumba chako kipo, kile cha uani. Ameshaanza kuchagua rangi ya kuta.

Sasa nikueleze kazi. Forodha haimjui mama wala mtoto, inajua karatasi. Andika kila kitu utakachokuja nacho, hata mwiko. Viwe vitu vilivyotumika. Kikionekana kimoja kipya kinatozwa, na mimi nachekwa na wenzangu. Mashine zako tatu tutaziandika kama vifaa vya kazi ya mwenyewe. Zitapita bure, kwa sharti kwamba wewe mwenyewe unakaa hapa na unazitumia kwa mikono yako. Kwa mwaka mzima haziuzwi wala hazipewi mtu mwingine. Sharti likivunjwa, ushuru wote unadaiwa pamoja na adhabu, na wakala aliyetia sahihi ananyang'anywa leseni. Wakala huyo ni mimi, kwa hiyo elewa ninavyojitoa kwa ajili yako.

Wanataka pia barua ya mwenye nyumba wako, ithibitishe kwamba umehama kabisa. Bila barua hiyo utaonekana mfanyabiashara anayejificha nyuma ya mvi. Rudisha nyumba kwanza, halafu tutapanga siku ya lori.

Usinipigie kazini. Kila jambo liandike. Maneno ya simu yanakanushwa, ya karatasi yanabaki.

Mwanao mtiifu,
Niyomugabo

*

Bukavu, 25 Juni 2023

Mwanangu,

Nyumba nimeirudisha. Mwenyewe alitia sahihi kabla sijamaliza kueleza, maana wapangaji wapya walikuwa wamesimama mlangoni na magodoro yao kichwani. Kwa hiyo wakati nakuandikia mimi ni mgeni katika mtaa nilioishi miaka yote, nalala sebuleni kwa jirani yangu Murhula, fundi seremala.

Orodha hii hapa, nyuma ya karatasi. Nimeandika kitanda, kabati, sufuria na vifuniko vyake, sufuria isiyo na kifuniko, picha ya baba yako yenye kioo kilichopasuka, na kiti ambacho hukalii bila kukisemesha kwanza. Vyote vimetumika. Ofisa akitaka kitu kilichotumika zaidi ya hivi anitazame mimi.

Mashine Murhula amezifungia kwenye mbao na matambara, kama anafungia mayai. Alipokuwa akipigilia misumari aliniuliza, "Maman, na bakikukatala kule ngambo?" Nikamjibu, "Batanikatala namna gani? Ule anaandika makaratasi ni mutoto yangu." Akaendelea na nyundo. Simlaumu, hana mtoto aliyesoma.

Niambie siku. Sina tena mlango wa kufunga.

Mama yako,
Védastine

*

Bukavu, kwa Murhula, 9 Julai 2023

Mwanangu,

Nimefika salama. Naandika "nimefika" kama mtu aliyesafiri, kumbe nimerudi palepale nilipotoka.

Ijumaa ile sitaisahau. Ofisa alizunguka lori zima na orodha yangu mkononi, akaniuliza, "Maman, hii bintu yote ni ya kwako?" Nikamwambia, "Ni ya kwangu, mwanangu, hata mushumari." Akacheka, akanigongea muhuri wa kuingia, akasema, "Karibu nyumbani." Nililia pale pale mbele ya watu wa nyanya, na sioni haya kusema.

Usiku mmoja tu nimelala kwako, tena kwenye mkeka. Ulisema rangi ya chumba bado mbichi na itanidhuru kifua, nirudi kwa Murhula wiki mbili. Ulisema nikigongewa muhuri wa kutoka karatasi zote zinaharibika, kwa hiyo nivuke kwa jeton ya dada yake Épiphanie, kile kikaratasi wanachovukia wanawake wa soko, kwa kuwa hakuna anayemtazama bibi kizee usoni. Ulisema kweli. Nilishika kikapu kitupu, nikapita, hakuna aliyeniangalia.

Lakini sikusikia harufu ya rangi, Niyomugabo. Niliomba nikione chumba, Uwineza akasema ufunguo umepotea. Na kitambulisho changu umebaki nacho, pamoja na karatasi ya duane yenye muhuri wangu. Wiki mbili zinaisha Jumamosi ya tarehe ishirini na mbili. Nitakuwa nimevaa tangu asubuhi.

Mama yako,
Védastine

*

Kamembe, 30 Julai 2023

Maman mpendwa,

Nisamehe kwa kukuweka ukiwa umevaa siku ile. Kazi ni nyingi, malori yamepanga foleni mpaka njia panda. Na rangi inakauka polepole msimu huu. Vumilia kidogo.

Kuna jambo lazima ulielewe vizuri. Kwenye karatasi umeshavuka. Tangu tarehe saba wewe ni mkazi wa Kamembe, unaishi kwangu. Kwa hiyo usionekane karibu na daraja, hata kuja kumsindikiza Épiphanie. Mtu hawezi kuwa pande mbili za mto. Karatasi zako ninazo mimi, ziko salama zaidi hapa.

Swali dogo: ile mashine kubwa inaangusha vitanzi pembeni. Uwineza anaizungusha tu isishike kutu. Afanye nini?

Mwanao,
Niyomugabo

*

Bukavu, 6 Agosti 2023

Mwanangu,

Ni rangi gani hiyo isiyokauka mwezi wa Julai, wakati hata maji ya kunywa yanakauka? Ukitaka kunidanganya subiri mvua zianze.

Vitanzi vinaanguka kwa sababu hasogezi vile vizito vinavyoning'inia chini ya kitambaa. Kila akifuma urefu wa kiganja avipandishe karibu na sindano, hasa pembeni. Uzi aupitishe kwenye mshumaa kwanza, utateleza. Na asisukume kigari kwa hasira. Mashine hiyo inajua mtu mwenye hasira.

Épiphanie ameniambia anachokiona akipita kwenu na nyanya. "Maman, bibi ya mutoto yako iko na batoto ba masomo mingi ku mulango. Bananunua ma triko." Kwa hiyo sio kutu. Ni duka. Sikasiriki, mashine isiyofanya kazi inakufa, na triko, yaani sweta za wanafunzi, ndizo zilizokulipia shule. Nafurahi hata. Ila nichukueni basi. Nitakaa kwenye kona nishone vifungo, na mdomo wangu nitaufunga. Unajua hilo halijawahi kutokea, lakini nitajaribu.

Huku nalala kwenye kochi la Murhula. Watoto wake wanatembea kwa ncha za vidole asubuhi ili nisiamke, na mimi nimeamka zamani. Inaniuma kubebwa na watu wasio damu yangu.

Mama yako,
Védastine

*

Kamembe, 10 Septemba 2023

Maman,

Niyomugabo hajui kwamba nakuandikia. Yeye anaogopa kusema, mimi siogopi.

Chumba hakipo. Kile ulichokuta kimefungwa kilikuwa na makaa, sasa kina nyuzi na triko za shule. Rangi hatukununua hata kopo. Tulizihitaji mashine, na mashine zilikuwa haziwezi kupita bila wewe. Zimepita.

Siku ya harusi yangu ulisimama mbele ya watu wote wa kwetu Rwimbogo, ukasema umemsomesha mwanao ili aje kuoa jembe. Wageni wako wa Bukavu walicheka. Baba yangu aliinamisha kichwa mpaka mwisho wa chakula, na wewe uliketi ukala vizuri. Sasa jembe linafuma. Nakuambia haya ili uumie, usihangaike kutafuta maana nyingine.

Jambo lingine. Shule moja inataka shingo ya V kwa wanafunzi wa sekondari. Nikifika kifuani nigawanye sindano vipi? Jibu umpe Épiphanie. Nipo dukani kila siku isipokuwa Jumapili.

Uwineza

*

Bukavu, 12 Septemba 2023

Niyomugabo,

Soma barua ya mke wako, nimeiweka ndani ya hii. Halafu usinijibu kwamba hukujua.

Mimi nilikuwa nashona mpaka vidole vinatoka damu ili wewe uvae viatu ukienda shule, na umeitumia shule hiyo kuniibia. Mwizi wa usiku angenionea huruma, angeniachia kitanda. Wewe umechukua na kitanda, na jina langu umelifunga kwenye droo yako!

Nirudishie karatasi zangu kabla ya Jumapili. Usipozirudisha nitavaa gauni langu la kanisani, nitatembea mpaka kwenye dirisha la duane na kusema mbele ya kila mtu: mimi ndiye Védastine, nalala kwenye kochi la watu Kadutu, nendeni mkaangalie mashine zangu ziko chini ya mikono ya nani. Unanijua. Sijawahi kutisha bure.

Mama yako, mpaka sasa,
Védastine

*

Kamembe, 17 Septemba 2023

Maman,

Soma polepole, maana sitaeleza mara mbili.

Ofisa alikuuliza kama vitu ni vyako na kama unahamia. Ulisema ndiyo, ukatia sahihi. Kesho yake ulitoka nchini kwa jeton ya mtu mwingine. Hayo uliyafanya wewe, kwa miguu yako. Ukienda kwenye dirisha lile, atakayeshikwa kwanza ni mama aliyedanganya serikali, halafu dada yake Épiphanie aliyekuazima jeton, halafu mimi. Watachukua mashine na leseni, na hakuna atakayekupa chumba kwa ajili hiyo.

Kisha fikiria Mibirizi. Shamba la kina Bibi linaandikwa kwa jina langu sasa, na pale kando ya kaburi lake hachimbi mtu bila mimi kusema ndiyo. Siku hiyo nani atakupeleka? Murhula? Hajawahi hata kulivuka daraja.

Ngoja mwaka utimie. Julai ijayo sharti linakwisha, mashine zinakuwa huru, na nitakuja mwenyewe na gari kukuchukua. Naapa kwa kaburi la Bibi. Mpaka siku hiyo ukae kimya. Na barua zangu zichome.

Uwineza anakuomba radhi kwa maneno yake. Bado anasubiri jibu la shingo ya V.

Mwanao,
Niyomugabo

*

Bukavu, 3 Desemba 2023

Mwanangu,

Nimekaa kimya kama ulivyotaka. Sikwenda kwenye dirisha. Sikuogopa kushikwa, umri wangu hautishiki na jela. Niliogopa ulivyoandika juu ya Mibirizi. Umejua pa kunishika.

Mvua hizi zimeniharibu kifua. Mke wa Murhula ananichemshia majani kila jioni na kunigeuza kama mtoto. Barua zako sikuzichoma. Herufi zako za kwanza nilizishika mimi na mkono wako ndani ya wangu, siwezi kuzitia motoni.

Mwambie Uwineza: akifika kifuani agawanye sindano katikati. Za upande mmoja azisukume mbele kabisa zipumzike, afume upande wa pili tu, na kila akienda na kurudi apunguze kitanzi kimoja cha ndani. Akimaliza arudie upande uliopumzika. Asiharakishe. Nimemjibu kwa sababu wapo watoto wa Mibirizi watakaovaa triko hizo, na sitaki kitu kibaya kitoke kwenye mashine yangu.

Sasa nisikilize. Nikishindwa kufika Julai, usiniache huku. Nilete hivyo hivyo nitakavyokuwa. Siku hiyo sitahitaji chumba.

Mama yako,
Védastine

*

Bukavu, 15 Januari 2024

Bwana Niyomugabo,

Pole sana. Maman Védastine ametutoka Jumamosi alfajiri, nyumbani kwangu, mke wangu akiwa amemshika. Wiki zake za mwisho kila asubuhi aliuliza swali lile lile, "Murhula, Julai iko mbali?" Nikawa namwambia iko karibu. Mungu anisamehe.

Jeneza nimelitengeneza mimi, kwa mbao zile zile nilizokuwa nimeweka kwa ajili ya kabati la mteja. Wanawake wa mtaa wamemwosha na kumvika gauni lake la kanisani. Upande wetu karatasi zimekamilika: cheti cha hospitali, cheti cha kifo, na ruhusa ya kusafirisha mwili. Kimebaki kibali cha upande wenu, na hilo unalijua kuliko mtu yeyote, pamoja na gari la kumpokea darajani na kumpeleka Mibirizi. Hata kama huna gari, tuambie tu umekubali. Vijana wa hapa wako tayari kumbeba kwa mikono mpaka katikati ya daraja.

Chumba cha maiti wanatutaka tumtoe kabla ya Ijumaa. Tunangoja neno lako.

Murhula

*

Kamembe, 16 Januari 2024

Mzee Murhula,

Nimelia sana. Asante kwa yote mliyomtendea Maman. Mungu atawalipa.

Lakini lazima nikueleze ugumu uliopo, na nakuomba unielewe kama mwanaume mwenye familia. Kwenye karatasi Maman hakuwahi kurudi Congo. Yuko Kamembe, nyumbani kwangu, mzima, anafuma. Mtu huyo hawezi kufia Bukavu. Jeneza likifika darajani na jina lake, ofisa atafungua kompyuta na kuuliza alitoka lini na kwa muhuri gani. Swali la pili litakuwa mashine ziko kwa nani. Ikifika hapo nimekwisha. Ilibaki miezi michache tu, Mzee. Angevumilia miezi michache tu.

Kwa hiyo nakuomba azikwe huko, tena upesi na bila watu wengi. Msalabani msiandike jina lake. Andikeni Véronique, alikuwa na dada wa jina hilo, si uongo mkubwa. Maofisa wa huku wana ndugu Bukavu, wanakwenda kwenye mazishi na wanasoma misalaba.

Mimi sitaweza kuja. Nikiomba ruhusa kazini nitaulizwa naenda kumzika nani. Nimempa Épiphanie mchele na sukari kwa ajili ya matanga.

Ndugu yako katika majonzi,
Niyomugabo

*

Bukavu, 20 Januari 2024

Niyomugabo,

Tumemzika jana. Mtaa mzima ulikuja, na mvua haikumrudisha mtu. Jina lake nimelichonga lote kwenye msalaba, kwa patasi, kina cha ukucha. Ukitaka kulifuta uje mwenyewe na randa.

Mchele wako haukufika. Épiphanie aliuacha chini upande wenu wa daraja. Amesema, "Mimi siwezi kubeba chakula ya muntu anakatala mama yake. Akule yeye na bibi yake." Barua pia hatakubebea tena, hii ni ya mwisho.

Nilitaka kuvuka na barua zako zote nizimwage kwenye meza ya duane. Nilimwambia Maman hivyo mwezi wa Desemba, aliposhindwa kuinuka. Alinishika mkono kwa nguvu nisizojua alizitoa wapi, akasema, "Murhula, usimuharibie mutoto kazi." Akaniapisha. Mimi nakuchukia, Niyomugabo, nakuandikia wazi ili usikosee, lakini kiapo ni kiapo. Barua zako nimeziweka jenezani, chini ya mikono yake. Umepona. Aliyekuponya ni yeye, naye amelala mahali ambapo hakutaka kulala.

Murhula

*

Kigali, 3 Julai 2024

Mke wangu,

Mafunzo yanaendelea vizuri, nitarudi mwisho wa wiki ijayo. Mwaka unatimia tarehe saba, na forodha wanataka barua ya mwenye mashine kabla ya kuondoa sharti. Nimeitunga, ni hii iliyo ndani ya bahasha. Inakili kwa mkono wako, wangu wanaujua. Herufi ziwe kubwa na zitetemeke kidogo, usizidishe. Sahihi iige kutoka kwenye ile orodha ya vitu.

Ukimaliza, peleka mwenyewe dirishani. Wakiuliza habari zake, sema amezeeka ila anakula vizuri.

Niyomugabo

*

Kamembe, 8 Julai 2024

Kwa Mkuu wa Ofisi ya Forodha

Mheshimiwa,

Mimi ni Védastine, niliyerudi kukaa nchini Julai mwaka jana pamoja na vitu vyangu vya nyumbani na mashine tatu za kufuma. Nakuandikia kuthibitisha kwamba tangu siku ile naishi Kamembe kwa mwanangu Niyomugabo, na sijatoka nje ya nchi. Afya yangu ni nzuri. Mwanangu na mke wake wananitunza, sina ninachokosa.

Mashine nimezitumia mwenyewe mwaka mzima kama sheria inavyotaka. Sasa nimezeeka na nataka kupumzika. Naomba sharti liondolewe ili nimwachie mkwe wangu Uwineza. Nimemfundisha kazi hii mimi mwenyewe, na ameiweza.

Ofisi ikitaka kunihoji, mniite tu. Nitakuja mwenyewe.

Wako mtiifu,
Védastine